Tulivyoandaa Kitabu cha Mapishi kwa Kufuata Misimu Sita ya Wanoongar

Mimi ni mtaalamu wa lishe, mzaliwa wa Tanga, ninayefanya kazi Perth, magharibi mwa Australia, katika ardhi ya Wanoongar wa Whadjuk, mojawapo ya jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Kikundi cha akina mama wa Kinoongar kiliponiomba nikisaidie kuandaa kitabu cha mapishi yenye afya, tulikubaliana kwanza kwamba kitabu kitakuwa mali ya familia zitakazotoa mapishi, na kwamba wazee ndio watakaoamua kipi kichapishwe na kipi kiendelee kufundishwa kwa mdomo.

Wazee walianza na mpangilio. Walitaka sura sita, moja kwa kila msimu wa Kinoongar: Birak na Bunuru wakati wa joto kali, Djeran joto linapopungua, Makuru ya baridi na mvua, kisha Djilba, na hatimaye Kambarang, maua yanapochanua kila mahali. Samaki wa kuchoma wakaingia Bunuru, na mchuzi wa mkia wa kangaruu, unaotokota kwa moto mdogo kwa muda wa saa tatu au nne, ukawekwa Makuru. By-yu, mbegu za mmea wa zamia, ambazo zina sumu na huhitaji utaalamu wa kuloweka na kufukia kabla ya kuliwa, walizikataa kabisa. Ujuzi huo, walisema, mtu huupata akiwa ameketi na mzee.

Mjadala mrefu zaidi ulihusu damper, mkate wa unga wa ngano unaookwa kwenye majivu ya moto. Kitaalamu nilitaka tuuondoe, kwa kuwa unga mweupe, sukari na majani ya chai ndivyo vilivyokuwa posho ya Waaborijini katika misheni na makambi ya serikali baada ya kuondolewa kwenye ardhi yao, na leo wanaugua kisukari karibu mara tatu zaidi ya Waaustralia wengine. Bibi mmoja akanijibu kwa upole: “Mwanangu, mama yangu alitulea kwa mkate huu. Ukiufuta humu, umemfuta na yeye.” Kwangu hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko jedwali lolote la virutubisho. Damper ikabaki, ila nusu ya unga ikawa usiokobolewa, tukaongeza mbegu za migunga ya Australia, aina zinazolika, zilizokaangwa kavu na kusagwa, ambazo zina protini na nyuzinyuzi kwa wingi.

Bibi huyo hupima kwa kiganja. Kila alipochota unga nilimwomba aumimine kwanza kwenye mizani, nikaandika gramu, ndipo akautia kwenye bakuli. Kazi iliyotaka subira kwake kuliko kwangu. Vijana wa mtaa walipika kila pishi kwa kufuata maandishi peke yake, na pale walipokwama tuliandika upya. Nyama ya kangaruu, kwa mfano, ina mafuta kidogo mno na hukauka upesi, hivyo tulieleza wazi kwamba ikaangwe kwa moto mkali dakika chache kila upande, kisha ifunikwe itulie kabla ya kukatwa.

Katika utangulizi tulitaja utafiti wa mwaka 1982 wa Kerin O'Dea, mtafiti wa lishe, ambapo Waaborijini 10 wenye kisukari kutoka eneo la Derby, kaskazini-magharibi mwa Australia, walirudi kuishi kwa uwindaji na uchumaji kwa wiki 7, wakapungua wastani wa kilo 8 na sukari yao ya damu ikashuka sana. Wazee walitaka habari hiyo iwekwe mbele, kwa sababu inaonyesha kwamba chakula cha mababu zao hakikuwa chanzo cha maradhi haya.

Sasa tunaandaa toleo la pili. Kabla ya kulipeleka kwa mchapaji tutarudi kwa kila familia kuomba ruhusa upya, kwa maana picha na jina la marehemu havitolewi pasipo idhini ya watu wake.