Mtoto aliyechelewa kulia: madhara hayaishii leba

Mtoto akichelewa kulia, kisha akalia, ndugu wanaosubiri nje ya wodi ya wazazi hushusha pumzi. Ubongo wake uliokosa oksijeni, hata hivyo, bado uko vitani.

Oksijeni inapokatika, seli za ubongo huishiwa nishati ndani ya dakika chache. Mtoto akipumulishwa, nishati hurudi na hali huonekana kutulia kwa takriban saa 6. Baada ya hapo huja wimbi la pili, ambalo linaweza kuendelea hadi saa 72: seli huvimba, degedege huanza, na sehemu nyingine hufa. Hewa ikikatika ghafla na kabisa, huumia zaidi sehemu za ndani zinazoongoza mijongeo. Ikipungua polepole kwa muda mrefu, huumia zaidi gamba la ubongo na maeneo yaliyo mpakani mwa mishipa mikubwa ya damu.

Kwa hiyo dakika ya kwanza ni ya kukausha, kusugua mgongo na, asipopumua, kumpa hewa kwa ambu (mfuko wa kupumulishia unaobanwa kwa mkono, wenye barakoa) pumzi 40 hadi 60 kwa dakika. Kifua kisipopanda, mara nyingi barakoa inavuja, shingo imekunjwa, au ute umeziba njia. Kumwinamisha kichwa chini na kumpiga makofi hakusaidii kitu. Kumnyonya ute kwa mashine muda mrefu ni kubaya zaidi, maana mapigo ya moyo hushuka.

Nchi tajiri humpoza mtoto hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, wakianza kabla ya saa 6 kupita. Msiige. Utafiti uliofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, ukatoka mwaka 2021, ulionyesha kuwa kupoza hakukupunguza vifo wala ulemavu, na waliopozwa walikufa zaidi. Kwa joto la Dar kazi kubwa ni kuzuia homa: joto libaki 36.5 hadi 37.5, na sukari ya damu ipimwe. Degedege la kichanga halina kelele: hutafuna midomo, hukodoa macho, hupiga miguu kama anayeendesha baiskeli, au huacha kupumua kwa muda mfupi. Fenobabito, dawa ya kuzuia degedege, huanzia miligramu 20 kwa kilo, hivyo mtoto wa kilo 3 hupewa 60 kwa mshipa, polepole.

Alama ya Apgar, yaani anayopewa mtoto akizaliwa kwa kuangalia kupumua, mapigo ya moyo, rangi na ulegevu, ya dakika ya 1 isiwatishe sana. Ya dakika ya 5 na ya 10 ina uzito zaidi. Walioathirika kidogo wengi hukua vizuri.

Waliobaki ndio hupotezewa muda kwa maneno ya "subiri, atakaza shingo tu". Miezi 4 bila kukaza shingo, ngumi zilizofumbwa na dole gumba ndani, miguu inayopishana kama mkasi akinyanyuliwa, au kutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka: hizo si dalili za uvivu. Mpelekeni kwenye mazoezi ya viungo. Hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar, wanahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo. Bebeni na kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa. Na semeni kama aliwahi kuwa na manjano makali, maana nayo huharibu sehemu zilezile za mijongeo.

Nyumbani, msimlishe amelala chali. Mkalisheni wima, kidevu kishuke kidogo, uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo, na asubiriwe ameze ndipo apewe kingine. Akikohoa kila mlo au sauti ikawa ya majimaji, chakula kinaingia mapafuni, naye anahitaji kuonwa wiki hiyohiyo.