Leo nimehesabu pumzi za Bibie

Saa 11:40 alfajiri. Siwashi taa. Kazini kwangu neno hilo hunichanganya siku nzima: kuna taa, samaki bapa anayejifukia mchangani, na kuna taa inayomulika, na ya pili ikiwashwa ghafla, wa kwanza hukurupuka na kujigonga kwenye kioo. Nasogeza pazia kidogo tu, nachuchumaa mbele ya tangi na kuanza kuhesabu.

Nyuma ya kila jicho la taa kuna tundu. Akiwa ametulia chini huvuta maji kupitia matundu hayo, yakatokea kwenye matamvua yaliyo upande wa tumboni. Nahesabu yanavyofunguka kwa dakika nzima, kisha nalinganisha na daftari, maana kila mnyama ana hesabu yake. Leo Bibie, jike langu la Potamotrygon motoro, yaani taa wa mtoni, amezidi kawaida yake karibu kwa nusu. Madoa yake ya rangi ya chungwa yamefifia, na ukingo wa mbele wa mwili umeinuka kidogo sana. Mgeni asingeuona. Watu hushtuka kingo zote zikishajikunja kwenda juu kama jani lililokauka, na mara nyingi hapo wamechelewa.

Saa 12:10 asubuhi. Napima maji kabla ya kufikiria dawa yoyote. Hita inaonyesha nyuzi 27, hapo hakuna neno. Kipimo cha amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kilipaswa kubaki njano. Kimegeuka kijani, kama miligramu 0.5 kwa lita, wakati inayokubalika ni sufuri.

Mkosaji ni mimi. Jana usiku nilikuwa nimechoka, nikaziosha sponji zote za chujio kwa maji ya bomba. Klorini ikaua bakteria waliokuwa wakiila amonia. Miaka yote nawaambia wateja wasuuze nusu tu, tena kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe!

Bahati ni kwamba pH, kipimo cha asidi ya maji, ni 6.6. Kwenye maji yenye asidi kidogo, sehemu kubwa ya amonia hubaki katika umbo lisilo na sumu kali. Kwa hiyo siongezi chochote cha kupandisha pH, maana ningekuwa namwashia moto.

Saa 1:00. Natoa asilimia 40 ya maji na kurudisha mapya taratibu, yaliyokwisha kuondolewa klorini na kupashwa joto lile lile. Naongeza pampu ya hewa. Halafu tiba yenyewe: nachukua sponji mbili chafu kutoka tangi la jirani lenye samaki wazima na kuziweka kwenye chujio la Bibie, bakteria wote wakiwa humo. Simgusi. Wavu kwa taa ni balaa hata siku njema, mwiba wa mkia hunasa kwenye nyuzi na mkono wako uko karibu.

Leo hakuna chakula. Anayekula hutoa taka zaidi, na chujio halina nguvu.

Saa 4:15. Mteja ananitumia video. Taa wake anapanda na kushuka kwenye kioo bila kupumzika. "Kaka, tazama anavyocheza!" Hachezi, dada. Nauliza: ameingia lini, chini umeweka nini, umetia dawa gani? Siku tatu, kokoto, dawa ya ugonjwa wa madoa meupe, na ndani yake kuna shaba. Taa hana magamba kama ya samaki wengine, na shaba humuumiza haraka kuliko samaki wengi. Namwelekeza abadilishe maji, aweke mkaa wa kuchujia, aondoe kokoto zote na kuacha kioo kitupu mpaka apate mchanga laini. Anauliza kama kuna dawa nyingine ya kutuliza. Ipo: giza na kuachwa peke yake.

Saa 7 mchana. Ukaguzi wa haraka kwenye matangi mengine. Hita zote zina vizimba, kwa sababu taa hujilaza juu ya kitu cha moto bila kujali na kuungua tumbo. Mmoja gegedu (taa hana mifupa migumu) zimeanza kuonekana penye shina la mkia. Huyo anakula kidogo mno, nitamlisha mwenyewe.

Saa 9 alasiri. Amonia 0.25. Nabadilisha asilimia 30 nyingine. Sasa naona alama za meno kwenye ukingo wa Bibie, nusu duara mbichi. Dume anamtaka, na madume ya taa hutongoza kwa kuuma. Siku nyingine ningewaacha. Leo naweka kizuizi katikati ya tangi, dume analala na hasira zake upande wa pili.

Saa 2:30 usiku. Nahesabu tena. Bado yuko juu kidogo ya kawaida, ila ukingo umelala. Nikiwa bado nimechuchumaa anapiga mbawa mara mbili tatu, mchanga unamfunika, yanabaki macho na yale matundu mawili. Nilikuwa nasubiri hilo tangu alfajiri. Taa mwenye hofu hajifukii vizuri namna hii.

Saa 4 usiku. Naweka kengele ya saa 8, nitapima tena. Juu ya kifuniko cha chujio nimeandika kwa kalamu nene: NUSU TU.