Kiini cha Mjonso

Juzi mwanangu karudi shule na swali: "Mama, sokwe anajuaje dawa?" Mwalimu wao kawasimulia habari za Chausiku, sokwe jike wa milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Novemba 1987 Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa mitishamba, na mtafiti Michael Huffman walimwona akiwa hoi, akimenya tawi la mjonso, mti mchungu wa dawa. Gome na majani alitupa. Kiini akakitafuna, akanyonya maji yake machungu. Kesho yake nguvu zilikuwa zimemrudia.

Nilimjibu nilivyoweza, ila akili yangu ilishahama.

Nilipokuwa kwenye utafiti wa dawa za asili, mjonso wangu niliupata kwa mzee mmoja wa kabila la Watongwe, kusini mwa Kigoma, kijiji cha mwambao ambako bila boti hufiki. Alikata matawi akayatenga mafungu mawili. "Majani ni ya kuogea, mwanangu. Tumbo likisumbua, kiini. Usichanganye." Nikaandika kwenye daftari.

Dar es Salaam tukakausha kivulini, tukasaga, tukaloweka kwenye spiriti, tukachuja. Majani mbali, kiini mbali. Kisha uduvi.

Maabara nyingi zinazopima dawa za mimea huanza na uduvi kwa sababu kipimo chake ni rahisi. Unaweka mayai ya Artemia salina kwenye maji ya chumvi, chini ya taa. Baada ya siku moja au mbili yanaanguliwa. Unatia watoto kumi kila kichupa, unaongeza dawa kwa viwango vinavyopanda, na baada ya saa 24 unahesabu waliopona. Unachotafuta ni LC50, yaani kiwango kinachoua nusu yao.

Asubuhi ile niliinua kwanza kichupa cha majani mbele ya taa. Maji yalikuwa na rangi ya kijani iliyochujuka, na uduvi wamelala chini kabisa kama chembe za pilipili manga. Nikagonga kioo kwa ukucha. Nikasubiri. Hakuna aliyetikisa mguu. Nikachukua cha kiini, kiwango kile kile. Walikuwa hai, wote, wakikimbilia upande wenye mwanga, vijiguu vikipiga maji bila kupumzika. Nikahesabu tena. Nilikaa nimeshika vichupa viwili, kimoja kila mkono, maneno ya mzee yakinirudia.

Kwenye fomu ya matokeo, majani yakaandikwa yana nguvu. Kiini hakina. Msimamizi alifuata utaratibu: kinachoua uduvi huenda kikaua seli za saratani pia, na fedha za utafiti zikiwa chache zinaelekezwa huko. Lakini iliniuma, na inaniuma bado. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Kyoto walishaonyesha kuwa majani na gome vina vernodalini, ambayo ni sumu, na kwamba kiini kina zaidi kemikali nyingine, vernoniosidi B1. Sokwe alitupa majani. Mzee aliyatenga. Fomu yetu ikayapa majani alama. Uduvi kupona hakuthibitishi kwamba dawa ni salama kwa binadamu, hilo nalijua vizuri. Ila mgonjwa wa tumbo anatafuta kitu kitakachomdhuru mnyoo kikamwacha yeye, na kwenye fomu ile jambo hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Niliporudi Kigoma nilimweleza mzee yote. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na minyoo mliijaribu?"

"Bado, mzee."

"Mbona dawa yenyewe ni ya minyoo?"

Nilimwahidi tutaijaribu. Mradi ukaisha kabla, mimi nikahamia maabara ya hospitali, ya damu na choo, ambako minyoo naiona kwa darubini karibu kila wiki. Mwanafunzi akinijia kutafuta mada ya utafiti, namwambia achukue kiini cha mjonso na minyoo, aache uduvi kwanza. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wengi wanachagua majani, maana majani yanatoa majibu haraka.