Kuchora Njia Kabla ya Kuwasha Injini

Katika kurusha ndege za kivita kwenye kompyuta hapa Nairobi, saa ninazozithamini zaidi ni zile za kupanga misheni juu ya ramani. Kihariri cha misheni cha DCS World, mchezo wa kompyuta unaoiga urushaji wa ndege za kivita, humwezesha mchezaji kuweka vituo vya njia, na kwa kila kituo kimo na kasi yake.

Kinachohitaji uangalifu mkubwa ni miduara inayozunguka mitambo ya makombora ya kutungulia ndege. Mduara huonyesha silaha inafika wapi, lakini hauonyeshi rada inaona nini: kwa sababu dunia ni mviringo, ndege inayoruka mita 100 juu ya nchi tambarare haionekani na rada iliyo karibu na ardhi mpaka ikaribie takriban kilomita 40, hata kama kombora lenyewe linafika mbali zaidi. Milimani umbali huo hupungua tena, ndiyo maana huisoma ramani ya Kaukazi, eneo la milima kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, bonde kwa bonde, na naamini kwamba programu ya kupanga misheni isiyoonyesha kivuli cha milima, yaani sehemu ambazo milima huizuia rada kuziona, haijakamilika.

Dira nayo isisahauliwe. Nairobi tofauti ya kaskazini ya kweli na ya sumaku ni ndogo mno, ilhali Kaukazi ni takriban digrii 6, ambazo katika safari ya kilomita 100 humtoa rubani asiyezisahihisha njiani kwa kilomita 10 hivi.

Mafuta huyakadiria mwisho, nikianzia uwanja wa kutua na kurudi nyuma hadi kwenye shabaha.