Siku moja karakanani Kisumu: kutoka makapi ya miwa hadi utando wa kufungia chakula

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hewa bado imebeba unyevu wa usiku, na hiyo ndiyo saa ya kubandua tando za wanga wa muhogo na nyuzinyuzi za makapi zilizomiminwa jana. Zikitoka kwenye oveni huwa kavu kupita kiasi. Ukizivuta papo hapo zinapasuka kama jani kavu la mgomba. Kwa hiyo mlango wa oveni hufunguliwa, trei zikaachwa zinyonye unyevu kwa saa moja hivi, kisha wembe hupitishwa ukingoni na utando ukanyanyuliwa kuanzia pembeni. Ukinasa katikati, ama trei ina mkwaruzo ama wanga wa jana haukuiva.

Saa mbili kasoro magunia yanafunguliwa. Makapi, au bagasi kama wanavyoyaita watu wa viwandani, hutoka ukanda wa miwa wa Chemelil na Muhoroni. Yakitoka kwenye kinu, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na sukari iliyobaki ndani inatosha kuyachachusha. Gunia likikaa na unyevu linaota ukungu, na vumbi la makapi ya namna hiyo huleta ugonjwa wa mapafu. Barakoa ni lazima hata kama kazi ni ya dakika tano. Makapi huoshwa kwa maji moto, huanikwa, hukatwakatwa, kisha hupepetwa ili chenga laini za moyo wa muwa zianguke. Wengi huruka hatua hii ya kupepeta, halafu hushangaa kwa nini kostiki soda ya kupikia makapi imeisha na nyuzinyuzi ni chache: zile chenga hunywa dawa kama sponji na hazirudishi kitu.

Saa tatu na nusu, kupika. Gramu 500 za makapi makavu, lita 10 za maji, gramu 400 za kostiki soda. Soda huingia ndani ya maji kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya soda, yatachemka na kukurukia usoni. Na sufuria zetu za kawaida za alumini hazifai kabisa: soda huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto. Tumia chuma cha pua. Moto ushikiliwe nyuzijoto 80 kwa saa mbili, ukikoroga kila dakika kumi. Kinachofanyika humo ni soda kuyeyusha lignini, ile gundi inayoufanya muwa usimame, pamoja na sehemu kubwa ya hemiselulosi, kijazo kilicho kati ya nyuzinyuzi. Maji yakigeuka meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, kazi inakwenda.

Wakati sufuria iko motoni, tando za asubuhi hupimwa. Maikromita, kipimo cha unene, hugusa sehemu tano: pembe nne na katikati. Tunalenga milimita 0.10; ikizidi 0.12 au ikishuka chini ya 0.08, utando unarudishwa kusagwa. Kisha vikombe vya kupima mvuke: ndani mna kalsiamu kloraidi kavu, juu kumefungwa utando kwa nta, na kila kikombe kinawekwa kwenye sanduku lenye bakuli la chumvi ya jikoni iliyolowa maji bila kuyeyuka yote. Chumvi hiyo hushikilia unyevu wa hewa kwenye asilimia 75, bila mashine yoyote. Kikombe hupimwa kila saa. Uzito unaoongezeka ni mvuke uliopenya.

Na hapa ndipo ukweli wenyewe ulipo. Utando wa wanga hupitisha mvuke mara mamia kuliko plastiki ya mifuko (polithini). Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 watu huuliza kama huu utabeba samaki wa ufuo wa Dunga. Hautabeba, utalainika kabla hujafika stendi. Unafaa njugu, majani ya chai, viungo, vitu vikavu vya kukaa siku chache. Ukipakwa nta ya nyuki upande mmoja mvuke hupungua sana, ila nta hupasuka ukikunja.

Saa sita mchana nyuzinyuzi huchujwa na kuoshwa hadi karatasi ya litmasi isionyeshe soda tena. Kuosha huku hula maji mengi, na ndiyo gharama ambayo hakuna anayeitaja. Yale maji meusi hayaendi mtaroni, kwa sababu mtaro unaelekea ziwani. Huongezwa asidi hadi pH (kipimo cha uasidi) 3, lignini inaganda, inachujwa, kisha asidi ya maji inasawazishwa kabla ya hatua nyingine yoyote.

Saa saba na nusu, kung'arisha: lita 5 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 4, pH 11, nyuzijoto 70, dakika tisini. Maji ya kisima yenye chuma huivunja peroksaidi kabla haijafanya kazi. Povu hufurika na rojo hubaki rangi ya ugali wa wimbi. Sodiamu silikati kidogo husaidia. Usikaze kifuniko, oksijeni itakirusha. Kati ya zile gramu 500, kilicho cheupe na kikavu ni kama 200, pengine zaidi kidogo.

Saa tisa na nusu, kumimina, kwa rojo la jana lililokwisha kupita kwenye brenda. Kwa trei sita za sentimita 30 kwa 40: maji gramu 1,400, wanga wa muhogo 75, gliserini 22, nyuzinyuzi 4 kwa uzito mkavu. Rojo bichi lina maji mengi, kwa hiyo kausha kwanza sampuli ya gramu kumi ujue limebeba kiasi gani. Gliserini ikiwa chini ya gramu 15 utando unavunjika. Ikizidi 30 unatoa jasho na kunata vidole. Nyuzinyuzi zikizidi huvimba madonge, na utando huanzia kuchanika hapo hapo penye donge.

Mchanganyiko hupikwa kwa nyuzijoto 85 hadi 90 kwa dakika 25, ukikorogwa taratibu. Wanga ukiiva hugeuka kutoka maziwa kuwa kioo. Unaachwa utulie hadi nyuzijoto 65, huchujwa, na kila trei hupata gramu 250. Kina chake ni milimita 2 tu, kwa hiyo trei ikiinama milimita moja toka ukingo hadi ukingo, upande mmoja utakuwa mnene kuliko mwingine kwa zaidi ya nusu. Pimamaji ya fundi mwashi iko mezani kila siku, na vipande vya kadibodi vya kuinulia miguu. Viputo hutobolewa kwa sindano.

Saa kumi na moja trei huingia kwenye oveni, nyuzijoto 40. Kuharakisha hadi 60 hufanya ngozi ya juu ikauke kwanza, kingo zikajikunja na kupasuka. Mvua ya jioni ikija na stima ikipotea, mlango haufunguliwi: joto lililomo huvumilia kwa muda, na kinachobaki ni kuandika kwenye trei saa stima ilipokatika, ili asubuhi mtu asizibandue mapema.