Karo Kutoka Västerås

Kila muhula unapofunguliwa, nikiona wazazi wamepanga foleni benki kulipa karo, humkumbuka mwanamke ambaye sikuwahi kukutana naye. Hilde Back alikuwa mwalimu huko Västerås, Uswidi, mtu wa kipato cha kawaida, ambaye katika miaka ya 1970 alikubali kumlipia karo mtoto wa Kenya asiyemjua. Mtoto huyo, Chris Mburu wa kijiji cha Mitahato, Kiambu, alikuwa hodari darasani, lakini kwao hapakuwa na uwezo wa kumsomesha. Akasoma, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi, akaendelea na sheria Harvard, kisha akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa.

Mwaka 2001 Mburu alianzisha mfuko wa kuwasomesha watoto werevu wa familia maskini, akaupa jina la Hilde Back, ingawa hadi wakati huo hawakuwa wamewahi kukutana. Ubalozi wa Uswidi ndio uliosaidia kumtafuta. Baadaye sana ndipo alipofahamu kwamba mfadhili wake alikuwa Myahudi aliyezaliwa Ujerumani, akafungiwa mlango wa shule kwa sababu ya asili yake, akakimbilia Uswidi akiwa msichana, na wazazi wake wakafia katika kambi za Wanazi. Kwamba mtu aliyenyimwa elimu namna hiyo alikuja kutoa sehemu ya mshahara wake ili mtoto wa mbali asikose darasa, ni jambo ambalo kila nikilifikiria hunyamaza kidogo. (Nasema haya nikiamini kabisa kwamba elimu ya mtoto ni haki, wala haifai kuachiwa huruma ya mtu mmoja.)

Hilde mwenyewe alishangaa kusikia kwamba alichofanya kilikuwa kikubwa kiasi hicho, na mshangao huo naujua, kwa kuwa niliwahi kuuona usoni pa mama mmoja jirani yetu. Nilipokuwa kidato cha tatu, alikuwa akipita kwetu jioni na chupa ya mafuta ya taa, akiniambia, “Shika, mwanangu, usome, mimi leo nalala mapema.” Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba alilala mapema kwa sababu nyumba yake ilibaki gizani.

Baada ya kuhitimu nilikwenda kumshukuru. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema mafuta hayo hayakumbuki hata kidogo. Anachokumbuka ni jinsi nilivyokuwa nikikohoa usiku kwa moshi wa koroboi. Kisha akaniuliza kama kifua kilipona.