Mzee wa Karabai wa Uhindini

Juzi nilinunua taa ya sola Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nikamwomba kijana wa dukani aiwashe nione. "Mzee wangu, hiyo mpya kabisa, ikisumbua utairudisha." Simlaumu, wateja walikuwa wengi. Ila kando ya mlango palikuwa na dumu la mafuta ya taa, na harufu ile ikanipeleka mbali.

Uhindini, mjini Mbeya, 1986. Mzee Mwinyi ameshaingia Ikulu, bidhaa zimeanza kuonekana madukani baada ya ile miaka ya foleni, na baba amepata malipo ya pili ya kahawa. Kwetu ni Mbozi, wakati huo bado Mkoa wa Mbeya. Tulidamka tukapanda lori, baridi ikiuma masikio, tukaingia duka la vifaa lenye misumari ya kupimwa kwa kilo, kamba za katani na majembe ya kiwanda cha Zana za Kilimo, yaliyofuliwa hapo hapo mjini.

Baba alitaka karabai, taa ya mafuta ya kupampu. Nyumbani tulikuwa na chemli moja na vibatari.

Aliyehudumia alikuwa mzee mmoja mwenye koti la kaki. Hakutaja bei. Aliweka karabai juu ya kaunta, akaijaza mafuta, akaniita mimi, siyo baba. "Mjukuu, sogea. Hii taa utaiwasha wewe." Akachukua soksi nyeupe, kile kifuko cha kitambaa kinachotoa mwanga, akaifunga kwa uzi wake, akaipanga mikunjo kwa ncha za vidole. Akawasha kiberiti. Soksi ikashika moto, ikawa nyeusi, halafu ikabaki majivu meupe yanayoning'inia bila kudondoka. Nikanyoosha kidole. Akanishika mkono upesi: "Hapana! Ukigusa, imekwisha. Haya majivu ndiyo taa yenyewe."

Akamimina spiriti kwenye kikombe kidogo chini yake, akaiwasha, tukasubiri. Baba akataka apampu. "Bado, ndugu yangu. Bomba likiwa baridi, mafuta yanatoka maji maji, moto unaruka juu na moshi mweusi. Yapate joto kwanza, yageuke mvuke." Watu walioingia kununua misumari wakasimama nao. Spiriti ilipokaribia kwisha akanipa pampu. Nikasukuma. Kukawa na mlio, shiiii, soksi ikatuna, ikang'aa nyeupe hadi nikafumba macho. Mchana ule, duka likapata kivuli kipya kila pembe. Mama mmoja mlangoni akapiga kigelegele.

Kisha mzee akaizima kwa kufungua upepo, akasubiri ipoe, akatupa soksi ile, akatoa nyingine na kusema: "Sasa wewe, baba wa mtoto." Baba akarudia yote, mzee amekunja mikono, anatazama tu. Hapo ndipo bei ilipotajwa. Baba hakuomba apunguziwe, yeye ambaye huomba kila mahali.

Karabai ile imeangaza misiba na harusi za kijiji kizima. Kila aliyekuja kuiazima, baba alimkalisha chini amfundishe, akianza vilevile: sogea, utaiwasha wewe.

Taa yangu ya sola ni bora, haina moshi, haihitaji spiriti, na pengine kitu cha kubonyeza swichi hakina haja ya mwalimu. Lakini betri yake ikichoka sijui nifungue wapi, na yule kijana nadhani naye hajui. Nataka nirudi Jumamosi nimwombe tuifungue pamoja, kama hatakuwa na wateja.